Hesabu Matundu, Usione Haya Kufumua

Kusi likichacha hapa Lamu, mashua nyingi za watalii hukaa tu, na sisi tunaoishi kwazo hukaa nazo. Julai moja ya namna hiyo nilichoka na bao, nikamwendea mama mdogo, anayefuma vitambaa vya meza, nikamwomba anifundishe kroshia, yaani kufuma uzi kwa sindano moja yenye ndoano nchani. Alicheka mpaka akashika mbavu. Si kwa sababu mimi ni mwanamume. Baba yangu hushona kofia za vito barazani, na mwanamume kushika sindano kwetu si jambo la ajabu. Alichekea vidole vyangu, vilivyozoea kamba.

Nilianza vibaya tangu dukani. Nilinunua uzi mweusi, mwembamba, kwa kuwa nilitaka kofia nyeusi, na sindano nikaazima, ya chuma, nyembamba kama njiti ya kibiriti. Usiku, chini ya taa, sikuona tundu hata moja. Wewe nunua uzi wa pamba wa unene wa kati, rangi nyepesi, na sindano ya milimita 4 au 5. Uzi wa nailoni ni wa bei rahisi, lakini wakati wa kaskazi mikono hutoa jasho na uzi hugoma kuteleza. Tena ukipitishwa pasi ya moto unayeyuka. Sindano iwe ya alumini au ya mti. Ile ya chuma niliisahau dirishani, hewa ya bahari ikaitia kutu, na kutu ikahamia kwenye uzi mweupe niliokuja kununua baadaye.

Fundo la kwanza na cheni sikusumbuka nazo. Cheni ni kitanzi ndani ya kitanzi, na baharia huijua: ndivyo tunavyofupisha kamba ndefu isijisokote. Kilichonishinda ni mkono. Mimi nikifunga kitu, nakifunga kisifunguke. Cheni yangu ilikaza kama waya, na safu ya pili ilipofika sindano haikupata pa kupenya. Mama mdogo akaitazama, akaniuliza, "Mwanangu, unafuma au unatia nanga?"

Dawa aliyonipa ni hii: cheni ya kwanza uifume kwa sindano kubwa kidogo, ya 5, kisha safu zinazofuata urudi kwenye ya 4. Na uzi usiukamate kwa ngumi. Uzungushe mara moja kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, uupitishe juu ya kidole cha shahada, uache uteleze wenyewe. Sindano ukiishika kama kalamu au kama kisu cha kuparia samaki, ni sawa tu.

Mishono ya kujua mwanzoni ni miwili, mfupi na mrefu. Mfupi: ingiza sindano tunduni, vuta uzi, utaona vitanzi viwili juu ya sindano, chukua uzi tena, upitishe ndani ya vyote viwili. Mrefu: kabla ya kuingiza, zungusha uzi kwanza. Ukishavuta utakuwa na vitanzi vitatu. Chukua uzi, upitishe ndani ya viwili, kisha chukua tena, upitishe ndani ya viwili vilivyobaki. Ukigeuka kuanza safu mpya, panda kwa cheni 1 ikiwa ni mfupi, cheni 3 ikiwa ni mrefu. Hayo ukiyaweza, mengi yaliyobaki ni kuyachanganya.

Jihadhari na video, kwani Wamarekani na Waingereza hawakubaliani majina. Dabo (double) ya Mmarekani ndiyo huu mrefu. Dabo ya Mwingereza ni ule mfupi. Nilifuata maelezo ya Kimarekani kwa mkono wa Kiingereza, kitambaa kikatoka nusu ya kimo. Tazama vidole vya anayefundisha, majina mwachie.

Sasa nije kwenye lililonitoa machozi: pembeni. Nilianza na mishono mirefu 20. Kitambaa kikawa kinapungua kama tanga la pembe tatu, na kufika safu ya kumi nilikuwa na 11. Kila safu nilikuwa napoteza mmoja. Zile cheni 3 za kupandia huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza, kwa hiyo ukirudi, mshono wa mwisho lazima uutie juu ya cheni hizo. Mimi nilikuwa naziruka. Tia pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine mwanzo na mwisho wa safu, na uhesabu kila safu, hata ukijiona umeshakuwa fundi.

Ukikuta idadi imepungua, fumua. Wanaoanza huona haya, wanasema watarekebisha mbele. Haurekebishiki. Na kroshia ina huruma: kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, kwa hiyo unavuta uzi mpaka pale ulipokosea, unaingiza sindano, unaendelea. Ukiondoka, kitanzi hicho kitie pini, hasa nyumba ikiwa na paka, na Lamu nyumba gani haina paka?

Kofia nayo ni hesabu tu. Anza na mishono mifupi 6 ndani ya kitanzi kimoja. Mzunguko wa pili tia miwili kila tundu, 12. Wa tatu, mmoja kisha miwili, 18. Wa nne, mmoja, mmoja, miwili, 24. Unaongeza 6 kila mzunguko mpaka upate upana wa utosi, halafu unaacha kuongeza na ukuta unashuka wenyewe. Ukizidisha, kinajikunjakunja ukingoni. Ukisahau kuongeza, kinachongoka.

Mimi nilisahau. Baba aliipokea ile kofia kwa mikono miwili, akaigeuza, akasema, "Mashallah, kawa nzuri." Ya tatu ndiyo aliyoivaa, na kwa kwenda sokoni tu. Ile iliyochongoka iko jikoni kwa mama mdogo, imefunika bakuli la sukari.