Miguu kuvimba baada ya kuongezewa amlodipini, dawa ya presha
Pole sana dada, na mpe mama pole. Kwa ulivyoeleza, kwamba vifundo vya miguu yote miwili vimeanza kuvimba tangu alipoongezewa amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10, dawa yenyewe ndiyo ninayoishuku kwanza. Inatanua mishipa midogo inayopeleka damu kuliko ile inayoirudisha, hivyo presha ndani ya vimishipa vya miguuni hupanda na maji huvujia kwenye nyama. Ndiyo maana asubuhi miguu huwa afadhali, jioni soksi zinaacha alama.

Tafadhali asiache dawa ghafla, presha itarudi juu. Arudi kwa daktari aliyemwandikia. Mara nyingi hupunguza dozi, hubadilisha dawa, au huongeza dawa nyingine ya presha, ya kundi la losartani, ambayo kwa wengi hupunguza uvimbe wenyewe. Vidonge vya kukojoa, ambavyo watu hukimbilia kununua, kwa uvimbe wa aina hii havisaidii sana, maana tatizo si maji kuzidi mwilini. Akikaa, anyanyue miguu.

Ila mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, au akipata pumzi fupi akilala chali, asingoje miadi, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kama anatumia pia enalaprili au kaptoprili, ambazo nazo ni dawa za presha, midomo au ulimi ukivimba ni dharura, mkimbizeni hapo hapo. Figo na moyo navyo vipimwe, hata kama dawa ndiyo inayoshukiwa.