Jibu: Kwa nini Black Panther inasifiwa hivyo?

Ndugu yangu wa Shela kule Lamu, umeuliza watu wanaiona nini filamu ya Black Panther ya 2018 ilhali pigano la mwisho kwenye reli linafanana na gemu. Kwa pigano hilo sikupingi, picha zile za kompyuta zilipwaya. Lakini hebu mrudie Killmonger, yule adui aliyeigizwa na Michael B. Jordan. Yuko makumbusho London, anamuuliza yule mtaalamu vitu vya Waafrika vilifikaje pale, vilinunuliwa kwa haki au vilinyakuliwa tu? Kwenye kibanda cha filamu hapa Malindi vijana walinyamaza, na hawa hata penalti haiwanyamazishi! Adui mwenye hoja ndiye anayebeba filamu. Thanos, yule adui wa filamu za Avengers, je? Ana mawe yanayoweza kila kitu, halafu anaua nusu ya viumbe badala ya kuongeza chakula. Akili gani hiyo?

Kama mapigano yanakuchosha, tafuta Pumzi, filamu ya Wanuri Kahiu ya 2009. Ni fupi, kama dakika 20. Maji yameadimika hadi jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe. Wewe unayetegemea visima vya huko kwenye michanga itakuingia upesi.