Mwalimu wa Ngoma Anajibu

Shikamoo mwalimu. Nina watoto 16 wa darasa la tano, tunaandaa bugobogobo ya dakika 5 kwa ajili ya mahafali. Uwanjani inanoga, tukipanda jukwaani inapoa kabisa. Tatizo nini? — Msomaji, Shinyanga

Marahaba. Bugobogobo ni ngoma ya kazi ya Wasukuma, inayochezwa kwa majembe, na uwanjani hunogeshwa na watu walioizunguka. Jukwaani watazamaji wako upande mmoja tu, kwa hiyo ukiihamisha ilivyo, nusu ya watoto hawaonekani. Panga mistari miwili ya watoto 8, wa nyuma wasimame kwenye mianya ya wa mbele. Kati ya mtoto na mtoto iachwe nafasi ya jembe lililonyooshwa, na hatua moja zaidi. Wageuze kidogo ubavu: jembe likiinuliwa kuelekea watazamaji moja kwa moja halionekani urefu wake, likiinuliwa kwa ubavu linajaza jukwaa.

Halafu msikilize mpigaji wako. Makofi yakianza, wapigaji wengi hukimbiza ngoma. Mtoto akikimbizwa hunyoosha magoti, na hapo ule uzito wa mkulima unapotea, inabaki kurukaruka. Mkalishe mpigaji mahali anapoiona miguu ya mstari wa mbele, na aifuate hiyo.

Mitindo 4 inatosha kwa dakika 5. Kila mtindo uanze na miguu peke yake, huku wote mkitamka mapigo kwa mdomo, ngoma ikiwa kimya. Mikono mitupu ifuate, jembe liwe la mwisho, tena la mbao jepesi. Ukigawa majembe siku ya kwanza, macho yote yatahamia kwenye mpini. Unapoonyesha mtindo, wape mgongo ili kushoto kwako kuwe kushoto kwao, kisha geuka uwatazame wakirudia.

Wanafunzi wangu wanalalamika miundi inauma. Tunafanyia mazoezi kwenye sakafu ya saruji. — Msomaji, Morogoro

Saruji hainesi, kwa hiyo kila mruko unaishia mfupani. Hamieni kwenye udongo uliosawazishwa au ukumbi wa mbao. Mkeka hausaidii, unateleza. Wafundishe kutua kwa vidole, kisha kisigino, magoti yakikunjika na kuelekea vidoleni. Maumivu yakiwa sehemu moja ya mfupa, ukibonyeza anaruka, mpumzishe na umpeleke hospitali.

Nataka kufundisha na kutunga ngoma kama kazi. Nianzie wapi? — Msomaji, Tanga

TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inafundisha ngoma pamoja na sanaa nyingine za maonyesho. Mfuatilie pia Germaine Acogny, mchezaji na mtunzi wa ngoma wa Senegal. Aliongoza shule ya dansi ya Mudra Afrique jijini Dakar, aliunda mbinu yake ya kufundishia inayochanganya ngoma za Afrika Magharibi na dansi za Ulaya, na baadaye akaanzisha shule yake ya dansi, École des Sables, kijijini Toubab Dialaw. Kufundisha na kutunga kwake vililishana. Ukianza kupata kazi, andikianeni mkataba wenye malipo mawili: ya vipindi vya kufundisha, na ya utunzi. Wengi huunganisha yote, halafu kikundi kinaendelea kuonyesha kazi yao miaka nenda rudi bila kuwalipa.