Kabla hujanunua Raspberry Pi, angalia chaja yako

Kadi ya kwanza ilikufa siku ya nne. Ya pili ilijitahidi, ikafika wiki tatu. Ilipokufa ya tatu ndipo nilipoacha kumlaumu kijana aliyeniuzia memori kadi na kuanza kujikagua mwenyewe.

Kazi ilikuwa ndogo tu. Mama anakaa Uru, kule juu ya Moshi mjini, na maji ya bomba humjia yanavyotaka: leo asubuhi, kesho usiku wa manane. Tenki lake la lita 2,000 liko juu ya jukwaa la matofali nyuma ya banda la ng'ombe, na ili ajue limejaa au la, huligonga kwa fimbo akasikiliza. Nikamwambia nitamwekea kompyuta imtumie meseji. Akacheka. "Haya baba, weka."

Kwa mgeni wa mambo haya: Raspberry Pi ni kompyuta nzima kwenye bodi moja. Ilitoka Uingereza Februari 2012 kwa dola 35, nia ikiwa watoto wajifunze kuandika programu. Mimi nilichukua ile ndogo, Zero W ya mwaka 2017, ambayo ilitangazwa kwa dola 10. Hiyo dola 10 usiitie moyoni. Hadi nakaa mezani na kadi, chaja, kava na nyaya, ilikuwa imenitoka zaidi ya mara nne.

Kilichoua kadi zangu ni umeme. Pi haina diski. Mfumo wake wote unakaa kwenye memori kadi, na inaiandikia muda wote hata usipoigusa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linabaki nusu, na safari nyingine haiwaki kabisa. Na kule kwetu umeme hauondoki kwa adabu. Unapepesa, unarudi, unapepesa tena, ndipo unakwenda.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu kompyuta. Shika chaja yako uisome. Pi 3 inataka volti 5 na ampia 2.5, Pi 4 inataka ampia 3, na chaja nyingi za simu tulizo nazo droo zima hazifiki huko hata kama maandishi yake yanajisifu. Waya mwembamba mrefu nao unakula volti njiani. Pi 3 na Pi 4 zinakuonyesha alama ya radi kwenye kioo volti zikishuka chini ya 4.63 hivi, na ukiandika amri ya vcgencmd get_throttled ukajibiwa 0x0, uko salama tangu ilipowaka. Zero haina kipimo hicho. Yenyewe inakuzimikia bila kuaga.

Nikajaribu pawabanki. Usipoteze hela yako huko mpaka umeipima: nyingi, umeme wa ukutani ukikatika, zinasita kidogo kabla ya kuanza kutoa umeme wa ndani, na kusita huko kunatosha kuizima Pi. Nyingine zinaona kifaa kinakula kidogo mno, zinadhani simu imejaa, zinajizima. Kilichonisaidia ni betri ya pikipiki ya volti 12, sola ndogo yenye kidhibiti chake, na bodi ndogo ya kushusha volti hadi 5. Kishushio hicho kipime kwa mita kabla hujakiunga, maana kikiwa kimekazwa vibaya utapeleka volti 9 kwenye bodi na hakuna fundi wa kuirudisha. Kisha ingia raspi-config, menyu ya mipangilio ya Pi, washa mfumo wa overlay ili kadi isomwe tu bila kuandikwa. Nakili kadi nzima kwenye kadi ya pili uifiche ndani ya kava. Tangu hapo sijazika kadi nyingine.

Sensa, yaani kifaa kinachopima maji ndani ya tenki, nayo ilinipa somo. HC-SR04 inapiga sauti isiyosikika, mwangwi unarudi, unagawa muda kwa mbili, unazidisha kwa kasi ya sauti, unapata umbali wa maji. Lakini sensa inaiarifu Pi mwangwi huo kwa umeme wa volti 5, na pini za Pi zinavumilia 3.3 tu. Rezista mbili, ya kilo-ohm 1 na ya kilo-ohm 2, zinaishusha. Mimi niliona ni mambo ya waoga, nikaunga moja kwa moja, nikapoteza pini. Halafu mvuke wa tenki ukaiozesha sensa yenyewe. Nikahamia JSN-SR04T, isiyoingia maji. Hiyo haioni kitu kilicho karibu chini ya sentimita 20 au 25, na sikujua. Mama akanipigia: "Kompyuta yako inasema tenki nusu, na mimi nimeligonga, limejaa pomoni." Fimbo ilishinda. Nikaiinua sensa juu ya mfuniko kwa kipande cha bomba.

Na sasa niseme ukweli ambao wapenzi wa Pi hawaupendi: kazi ile haikuhitaji Pi. ESP32, bodi ndogo ya kuendesha programu moja tu, ina Wi-Fi, haina mfumo wa kuharibika wala kadi, umeme ukirudi inaamka kwa sekunde chache. Ndiyo iliyoko Uru leo. Nilianza na Pi kwa sababu ndilo jina nililolijua. Kama kifaa chako kinapima na kutuma namba tu, anza na ESP32. Pi iachie kazi za picha, video na kuhifadhi vitu.

Zero yangu sasa iko juu ya paa langu Majengo, inapiga picha ya Kibo kila dakika tano, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Ukitaka kuiga, nunua waya wa kamera wa Zero, kwa kuwa ule unaokuja na kamera ya kawaida ni mpana, hauingii. Na uongeze saa ya DS3231 yenye betri yake: Zero haina saa ndani, umeme ukirudi kabla ya intaneti inaendelea na saa ya jana. Nina picha za mlima unaong'aa kwa jua zilizoandikwa saa tisa usiku.