Jangwani mie naogopa mvua

Swali la wiki hii mmeuliza, ukipeleka watoto wa watu matembezi ya skuli unaogopa nini zaidi. Mie nasomesha Maskati, skuli ya wasichana, na matembezi yetu makubwa ni kupanda mlima wa Jebel Akhdar. Jibu langu wazazi huwa wanalicheka: naogopa mvua.

Wao wanauliza nyoka, nge, magenge. Magenge kweli yapo, pale Diana's Point, ukingo wa kutazamia bonde, ukichungulia chini miguu inalegea, lakini genge kila mtu analiona, unawarudisha watoto nyuma na anayetaka selfi anapiga akiwa kakaa chini, basi. Wadi ndo balaa. Ni bonde kavu, mawe matupu, limetulia unaweza ukatandika mkeka ukala biriani, kumbe mvua imeshapiga huko juu ambako wewe huoni, na mlima wenyewe ni jiwe tupu hauna udongo wa kunywa maji, yote yanashuka kwa pamoja. Hapo ulipo jua linawaka. Aprili 2024 mafuriko hapa Oman yaliondoka na watoto wa skuli wakiwa ndani ya gari, sasa dereva akiniambia "abla, maji yenyewe haya madogo, tuvuke" simjibu hata.

Na Aprili hiyohiyo ndo msimu wa mawaridi ya Jebel Akhdar, yanachumwa asubuhi mapema yanapikwa marashi, na wasichana wote wanataka kwenda wakati huo, si mwezi mwingine!

Pale Birkat al-Mawz, kijiji cha chini ya mlima, polisi wanasimamisha, gari isiyo fo-wili draivu haipandi, kwa hiyo basi linabaki chini tunagawana kwenye gari za kukodi, hapo kelele maana kila mtu anataka kukaa na shoga yake. Huko juu ni kama mita 2,000, upepo baridi, na hakosi mtoto aliyekuja na kandambili kwa sababu kaambiwa jangwa.

Lakini kuna maji nayapenda. Hapohapo Birkat al-Mawz upo Falaj al-Khatmeen, mmoja katika mifereji mitano ya Oman iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, maji yanatoka chini ya ardhi hayana pampu wala nini, yanafuata mteremko tu mpaka mitendeni, na zamani zamu za kumwagilia walikuwa wakizipima kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Wasichana wakatia miguu, mmoja kiatu kikamtoka, mfereji huo ukaondoka nacho, tukawa tunakikimbiza kando ya mitende na maabaya yetu mpaka mzee mmoja akakizuia kwa jembe. Hakucheka. Akawaambia maji ya kunywa yanatekwa juu, miguu mnaoshea chini, na nyie mmefanya kinyume. Darasani mada hiyo ilinichukua wiki nzima na hawakuishika, mzee kamaliza kwa sentensi moja.

Basi mzazi, ukiona meseji yangu alfajiri kwamba safari imesimama na wewe ukitoka nje hata wingu hamna, usinipigie kuniambia umeshalipa. Pesa utarudishiwa. Mwache mtoto alale.