Dawa ya Mifupa na Kikombe cha Chai

Mama aliteleza uani kwake Vihiga asubuhi moja ya mvua, akatua kwa kiganja. Hata hakuanguka vibaya. Mtoto angejipangusa tope na kwenda zake. Yeye alivunjika kifundo cha mkono. Majirani wakasema ni uzee, nami, mwalimu mzima wa biolojia hapa Kisumu, nikaitikia. Nikampelekea maziwa na omena.

Hapo ndipo nilipokosea kwanza. Mtu wa miaka 60 na kitu akivunjika kwa kuteleza tu akiwa amesimama, usiishie kuuliza plasta itatolewa lini. Uliza kwa nini mfupa umeshindwa na jambo dogo hivyo, na umwombe daktari apime mifupa imejaa madini kiasi gani au akueleze pa kupimiwa.

Maana mfupa si jiwe. Una seli kubwa zenye viini vingi, ziitwazo osteoklasti, ambazo kazi yake ni kuula. Seli hiyo hujibandika juu ya mfupa kama konokono ukutani, ikaziba kingo zake pande zote, kisha ikamwaga asidi chini yake. Asidi hiyo hupatikana kwa msaada wa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, kiitwacho kaboniki anhidrasi. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu: ni kile kile nilichokuwa nikiwafundisha Kidato cha Pili tukifika kwenye usafirishaji wa kaboni dioksidi katika damu! Miaka yote hiyo sikujua kwamba kinafanya kibarua kingine mifupani. Asidi ikishayeyusha madini ya kalsiamu, hubaki nyuzi za kolajeni, na hizo hukatwakatwa na kimeng'enya cha pili, kathepsini K.

Ukitaka kuona nusu ya kazi hiyo, loweka mfupa mwembamba wa kuku kwenye siki siku kadhaa. Utaukunja kama mpira. Madini yamekwenda, kolajeni imebaki, kwa sababu siki haina kimeng'enya.

Lakini walaji hawa si maadui. Kwa mtu mzima, karibu asilimia 10 ya mifupa hubadilishwa kila mwaka: osteoklasti zinakula iliyochakaa, osteoblasti zinajenga mipya. Wako watu waliozaliwa na kathepsini K isiyofanya kazi. Mifupa yao ni mizito, na bado huvunjika ovyo. Shida ya Mama ilikuwa mizani. Homoni ya kike, estrojeni, ndiyo huwashika mkono walaji wasile kupita kiasi, na hedhi ikikoma, mkono huo unalegea. Tena kuchimba shimo huchukua wiki chache, kulijaza huchukua miezi. Basi maziwa na omena zangu zilikuwa mchanga na saruji ninayomletea fundi huku wengine wanabomoa nyuma yake. Vifaa vinahitajika, sikatai, ila haviwazuii wanaobomoa.

Daktari alimwandikia alendronati ya miligramu 70, tembe moja kwa wiki. Dawa hii hunata kwenye mfupa, na osteoklasti ikija kula inaimeza humo humo. Ikishaingia, huzima kimeng'enya kimoja ambacho seli hiyo haiwezi kuishi vizuri bila yake. Niliridhika kabisa. Miezi 4 baadaye nikalala kwake, na asubuhi nikamwona akiteremsha tembe kwa chai ya maziwa, kile kikombe chake kikubwa cha bati, kisha akarudi kitandani.

"Mama, dawa hiyo unaimeza na chai?"

"Sasa niimeze na nini, mwanangu, na baridi hii?"

Hakuna aliyekuwa amemweleza, nami sikuuliza. Kalsiamu ya maziwa huikamata dawa tumboni isiingie damuni. Hata ukiimeza sawasawa, inayoingia haifiki asilimia 1, kwa hiyo ukiongeza chai umemeza bure. Na kulala baada ya kuimeza kunaweza kuichoma koo hadi kifuani. Inamezwa mara tu unapoamka, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha unakaa wima au kutembea nusu saa kabla ya chai, chakula au dawa nyingine yoyote. Vidonge vya kalsiamu navyo visubiri.

Mwambieni daktari pia kama mzazi wenu ana shida ya figo, au ametumia prednisoloni miezi mingi kwa ajili ya pumu au maumivu ya viungo, kwa kuwa nayo hudhoofisha mifupa. Na kabla ya kung'olewa jino, daktari wa meno ajue kwamba anatumia alendronati.

Mama tulimpangia Jumapili. Anameza, anafagia uani polepole, anachagua leso ya kanisani. Nikiwa mgeni wake siku hiyo na chai ikachelewa, najua nusu saa haijaisha.