Mtoto mwenye usonji anakataa rangi na anakula udongo: nianze wapi?

SWALI: Mwanangu ana miaka minne na miezi mitatu. Maneno yake hayazidi matano, na daktari ametuambia ana usonji. Mwalimu wa matenele (shule ya chekechea) alinishauri nimfanyie tiba ya sanaa nyumbani kwa rangi na udongo wa kufinyanga. Nimejaribu mara nne. Rangi ikimgusa kidole anapiga kelele na kujifuta ukutani. Udongo anautia mdomoni. Nikimpa kalamu anajaza ukurasa magurudumu matupu, na nikimshika mkono ili tuchore nyumba anachana karatasi. Ninakosea wapi? Na hii itamponya? Mama, Katuba, Lubumbashi.

JIBU: Mama, nianze na hilo la mwisho. Rangi haiponyi usonji, na anayekuahidi hivyo usimpe pesa yako. Tiba ya sanaa yenyewe huendeshwa na mtu aliyeisomea. Nyumbani unaweza kumpa mtoto mwenye maneno machache nafasi ya kuchagua, kungoja zamu, na kutazama kitu kimoja pamoja na mtu mwingine. Pima hayo matatu. Picha itakayotoka usiipime kabisa.

Jambo la haraka ni udongo. Uondoe leo. Shaba imeyeyushwa Lubumbashi tangu 1911, na vumbi la miaka yote hiyo limetua ardhini: madini ya shaba, kobalti, risasi na kadimiamu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto mdogo hata ikiwa kidogo. Kwa hiyo udongo wa uani haufai, wa kichuguu haufai hata kama unafinyangika vizuri, wala pemba (udongo mweupe wa kula) ya sokoni. Mpeleke pia akapimwe damu kama ina upungufu wa madini ya chuma, na choo kama kina minyoo, kwa kuwa mtoto anayekula udongo mara nyingi ana upungufu huo, na hapo tabia haitaisha kwa kukemewa.

Badala yake tumia unga. Donge linalofundishwa kila mahali ni vikombe viwili vya unga wa ngano kwa kikombe kimoja cha chumvi. Kwa mtoto wako hilo halifai: chumvi ile akiimeza inaweza kupandisha sodiamu ya damu hadi akapata degedege. Fanya hivi: unga wa ngano vikombe viwili, mafuta ya kula vijiko viwili vikubwa, maji kikombe kimoja na nusu. Changanya kwanza bila moto, kisha songa kwenye sufuria juu ya makala (makaa) ya moto mdogo kama unavyosonga bukari (ugali), mpaka donge liachane na sufuria. Unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu, ndiyo maana tunaupika. Likinata mikononi, ongeza unga kijiko kimoja kimoja na ulirudishe motoni usonge tena; likipasuka, paka mafuta viganjani ukande. Kwa kuwa halina chumvi halidumu: jioni litupe.

Rangi nayo ipike. Koroga vijiko vinne vikubwa vya maizena (wanga wa mahindi) katika robo kikombe cha maji baridi, ndipo umimine robo tatu ya kikombe cha maji yanayochemka huku ukikoroga. Maizena ikitiwa moja kwa moja kwenye maji ya moto hufanya madonge yasiyovunjika. Rudisha motoni dakika mbili au tatu mpaka ing'ae. Tia maji ya bitiruti au manjano kidogo. Uji huu mzito hupoa juu ukabaki moto ndani, basi ujaribu katikati kwa kidole chako kabla ya kumpa.

Sasa kelele zake. Kwa watoto wengi wenye usonji ngozi hupokea mguso kwa nguvu kuliko yetu. Kitu chenye unyevu na ubaridi kinaweza kumuumiza kweli. Hadeki. Panda naye ngazi polepole. Mwanzoni rangi iwe ndani ya mfuko wa plastiki mwangavu, vijiko vitatu tu, mdomo ukunjwe mara mbili na mfuko wote ubandikwe mezani kwa skochi (utepe wa kunata) pande nne. Aibonyeze bila kulowana. Usiondoke hapo hata dakika moja, maana mfuko ukibanduka unaweza kumziba pumzi. Akikubali vipindi vitatu mfululizo, mpe sifongo iliyofungwa kwenye kijiti kirefu. Baadaye kijiti kifupi. Kidole ndicho cha mwisho, na kitambaa chenye maji ya vuguvugu kiwe mkononi mwake tangu mwanzo, ajifute anapotaka. Mtoto anayejua anaweza kujifuta huthubutu zaidi. Akikataa, shuka ngazi moja bila kumlaumu.

Kabla ya kuilaumu rangi, sikiliza chumba. Jenereta ya jirani ikiwaka katikati ya kipindi, rangi husingiziwa bure. Chagua saa tulivu yenye mwanga wa jua, saa ileile kila mara, mara tatu au nne kwa wiki, dakika tano tu kwanza. Mkalishe akitazama ukuta usio na kitu. Bandika karatasi pembe nne, maana inayoteleza humkasirisha. Weka rangi mbili, si sita, umwonyeshe zote mbili na ungoje aguse moja. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kusema chochote. Karibu kila mzazi huharakisha hapa.

Magurudumu yake ni mlango wako, usiufunge. Keti pembeni, si mbele yake, na karatasi yako mwenyewe. Chora gurudumu moja, nyamaza. Akitazama karatasi yako, hata kwa kupepesa tu, hiyo ndiyo kazi ya siku. Wiki ijayo ongeza mstari chini ya gurudumu uwe barabara, ungoje tena. Mkono wake usiushike. Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana yake ya wachoraji mjini hapa mwaka 1946, alikataza kuwapa vielelezo vya kunakili. Bela, mmoja wa wachoraji hao, akachora kwa ncha za vidole, bila brashi, na michoro yake inajulikana mpaka leo. Hao walikuwa watu wazima wasio na usonji, lakini mkono unaoongozwa hauchagui kitu, iwe wa mtu mzima au wa mtoto.

Kuchana karatasi mara nyingi ni njia yake ya kusema basi. Mfundishe njia nyingine: ndoo ndogo pembeni, karatasi ikiingia humo kipindi kimekwisha. Mwanzoni itie ndooni wewe akiwa bado mtulivu, usingoje achane. Akiziba masikio, akikakamaa au akijiuma, maliza papo hapo kwa ndoo hiyohiyo.

Andika kila siku mistari mitatu: dakika alizokaa, alichochagua, mara alizokutazama. Baada ya wiki sita mpelekee daktari daftari hilo. Usingoje wiki sita akipoteza maneno aliyokuwa nayo, akitumbua macho bila kuitika, au tumbo likimuuma baada ya kula udongo. Nenda siku hiyohiyo.